Sanduku la Samaki Mbele ya Mama Mkwe

Kazi ile ilinigharimu suruali moja ya kaki, ngozi kidogo ya mahali ambapo sitapataja, na heshima yangu yote kwa akina mama wa Uvira, kuanzia sokoni mpaka Kalundu. Nasema mapema ili asije mtu akanisimulia mimi mwenyewe kama habari mpya. Aibu ni yangu, nimeihesabu mara mbili, haijapungua. Lakini sanduku lilitakata, na hilo nalisema mapema pia, maana wanaopenda kusimulia mkasa huu huanza na suruali na kumaliza na suruali, sanduku hawalitaji.

Ilikuwa mwaka ule waasi walipotoka mjini, barabara ya Bukavu ikawa inapitika siku mbili, inafungwa siku tatu. Miye nilikuwa kijana wa Lubarika, mnunuzi wa chumvi huku na muuzaji kule, na nilikuwa namtaka Nyota, binti wa mzee Lukas. Kabla ya uhuru mzee huyo alikuwa boi wa mzungu mmoja aliyechunguza samaki wa ziwa, na mzungu alipoondoka alimwachia sanduku la kufugia samaki, si la kioo, la ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo (akriliki, mzee alisema, akilitamka kama jina la mjukuu). Waasi walipoingia, kukutwa na kitu cha mzungu ndani ya nyumba kungeweza kukuondolea kichwa, kwa hiyo akalitoa nyuma ya jiko, akalijaza maji ya ziwa, akaacha bata wanywe humo. Maji yetu yana chokaa. Waasi walipoondoka sanduku lilikuwa jeupe kama jino, huoni mkono wako upande wa pili. Mpwa wake mmoja alikuwa amejaribu kulisugua kwa mchanga wa ufukweni, kama tunavyosugua sufuria, akaacha mikwaruzo pembeni ambayo mzee aliipapasa kwa kidole kila akipita.

Mahari ilikuwa ng'ombe sita. Ng'ombe wa baba yangu wengi walikuwa wameliwa na watu wenye bunduki, wamebaki wanne, wamefichwa juu milimani. Nikamwambia mzee nitasafisha sanduku mpaka asome Biblia akiwa upande huu na Biblia iko upande ule, naye aondoe ng'ombe wawili. Akauliza:

"Na ukiliharibu?"

"Nikiliharibu sitaomba tena kupunguziwa."

"Hutaomba kitu tena hapa kwangu, hata maji ya kunywa," akasema. "Weye uko muntu wa kupatana bei. Bei ndiyo hiyo."

Nikaenda kwa fundi wa kulehemu, nikapata chupa ya asidi ya chumvi, ile kali inayofuka moshi ukigusa kizibo tu. Fundi alinieleza mara moja, nikamfanya anieleze mara mbili: asidi ndiyo inamwagwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, la sivyo itakurukia usoni, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, usisugue kwa kitu kigumu, usipanguse kwa petroli wala kwa pombe kali, maana plastiki ile itafanya nyufa kama matope yaliyokauka.

Asubuhi ya siku ya kuzungumza mahari nilifika mapema, nikafanya kazi uani, upepo wa ziwa ukiwa mgongoni, miwani ya pikipiki machoni, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Nilijaribu kwanza pembe moja ndogo. Chokaa ikatoa povu, ikalia kama mafuta ya kukaangia, nilipofuta kwa kitambaa laini nikaona kidole changu upande wa pili, na ndugu zangu, siku hiyo nilijiona daktari. Nilisuuza mara tatu kama nilivyoambiwa, nikaongeza ya nne kutoka kwangu. Maji machafu niliyatia magadi mpaka yakaacha kutoa povu, nikayamwaga shimoni mbali na kisima. Hakuna bata aliyekufa.

Kosa langu lilitoka ndani ya uangalifu huohuo. Ili bata wasiiangushe chupa, niliiweka juu ya kigoda kilichokuwa karibu na mlango, na chupa ilikuwa imechuruzika ubavuni wakati wa kumimina. Nilifuta glavu, nikafuta miwani, chupa nikaipeleka mbali. Kigoda sikukifuta.

Mchana wazee wakakaa, na kigoda cha bwana harusi kilikuwa kipi? Mjomba wangu, msemaji wetu, akaanza maneno yake marefu, nami huku chini nikasikia kama sisimizi, halafu kama sisimizi wenye hasira, na mbele ya wakwe bwana harusi hajikuni. Nikatabasamu tu. Mzee Lukas akasema sanduku liletwe katikati ya uwanja. Nilikuwa nimelitia maji nusu na samaki wanne wa mistari, nikaona haya kuomba msaidizi, nikainama kulinyanyua peke yangu, na suruali ikaachia nyuma kama karatasi iliyoloa, bila hata sauti. (Kalsoni ya kuvaa ndani nilikuwa nayo moja, na siku hiyo ilikuwa inakauka kwenye kamba.)

Wakati huohuo Mama Nyota na shangazi za binti wakatokea kwa mlango wa jiko, nyuma yangu. Kwetu mama mkwe haonyeshwi hata goti.

Mjomba akaninong'oneza niweke chini, nijifunike. Mzee Lukas hakuondoa macho kwenye sanduku. "Usiliweke kwenye mawe. Lete hapa."

Nilikuwa na mikono miwili. Nikaihesabu tena, bado ilikuwa miwili. Nikachagua sanduku. Hatua kumi na moja, polepole, maji yasiyumbe, na nyuma yangu shangazi mmoja akasema, "Huyu ni mufanyabiashara wa kweli, anaonyesha mali yote kabla ya bei."

Nikalitua juu ya mkeka, nikakaa chini haraka. Mzee akapiga magoti, akatazama samaki, akatazama kupita samaki mpaka upande wa pili. Halafu akaita, bado anachungulia humo ndani, "Mama Nyota, kama umefunika macho, mbona vidole vimeachana?"

Kisha akamgeukia mjomba. "Ng'ombe wanne."

Nyota nimemwoa, na sijakalia tena kigoda bila kukipapasa kwanza. Jambo moja tu limebaki. Desturi inasema mkwe aliyeonekana vile atoe mbuzi wa kufuta macho ya mama mkwe, apokelewe, yaishe. Nimempelekea mbuzi mara saba. Mmoja amekonda, mwingine rangi mbaya, mwingine amekuja siku ya mvua, na kwa kuwa hajapokea, lolote analoniomba siwezi kukataa. Mara ya mwisho alinijibu kutoka nyuma ya ukuta: "Mukwe, haraka ya nini? Mabati iko yanavuja upande wa jiko."

Nimepatana bei na watu wa forodha na watu wenye bunduki, sijawahi kushindwa hivi. Sasa ninyi wenye wakwe, nishaurini: nipeleke mbuzi wa nane, au nianze kupanda juu ya paa?