Kayamba Chini ya Mguu wa Kulia

Kayamba haipigwi, inainamishwa. Hilo sikulijua mpaka bega la kushoto la mke wangu lilipoganda na mkono ukagoma kupanda juu ya kiuno. Alikuwa akipiga kayamba kwenye kwaya yetu ya kanisani tangu tulipohamia Kimara. Ni chombo chepesi, matete yaliyofungwa pamoja kama mkeka mdogo, mbegu zikiwa ndani zikimiminika kwa sauti ya mvua, lakini kinataka mikono miwili.

Mwalimu wa kwaya alimwonyesha kinanda kipya. "Mama, kayamba imo humu. Nikibonyeza tu, inalia yenyewe."

"Na mvua imo?"

"Imo, mama."

"Basi bonyeza, tupande mahindi."

Watu walicheka, na yeye pia. Lakini nyumbani aliitundika kayamba ukutani, akakaa kuitazama bila kuvua viatu. Mwalimu alikuwa amesema kwa heshima zote: wimbo wa sikukuu ya mavuno unaanza na kayamba, na kama baada ya wiki tatu mkono utakuwa bado, kitaanza kinanda, naye apumzike benchini. Mke wangu namjua. Akikaa benchini, mstarini harudi tena.

"Nipe hizo wiki tatu," nilimwambia.

"Wewe msoma mita?"

Ni kweli, kazi yangu ni kusoma mita za maji. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu na kuandika kwenye daftari kila skrubu ilikotoka.

Nilichukua kanyagio la cherehani bovu, waya wa breki ya baiskeli na fremu ya mbao. Kayamba niliikaza kwenye fremu kwa boliti. Ikalia kama kiberiti kilicholowa. Niliandika: kilichobanwa hakiimbi. Nikafungua boliti, nikakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, nikaining'iniza.

Ulikuwa mchana wa jua kali, pazia limetulia, bati likialika kwa joto. Nilikanyaga taratibu, na mvua ikapita sebuleni. Nikaachia, ikarudi. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa mtoto tena, kitandani, milimani kwetu, nikisikia manyunyu yakivuka mgomba mmoja hadi mwingine, nikijua kwamba asubuhi hiyo hakuna wa kunituma kisimani. Mke wangu aliponigusa bega, chai aliyoniletea ilikuwa imepoa.

"Ni nzuri," alisema. "Ila kwaya gani inaimba imekaa?"

Hilo halikuwemo kwenye daftari. Kwaya yetu huimba ikienda kulia na kushoto, mstari mzima kwa pamoja. Aliyekaa kitini, hata akiimba vipi, yuko nje.

Nilibomoa kila kitu. Safari hii niliweka ubao mwembamba sakafuni, wenye bawaba upande mmoja, mahali mguu wa kulia wa mke wangu unapotua wakati wa kucheza. Hatua yenyewe ndiyo ingevuta waya na kuinamisha kayamba. Akiinua mguu, springi ya mlango ingeirudisha. Kukanyaga sauti moja, kuinua sauti ya pili.

Mazoezini akina mama walituzunguka, na mmoja akamwambia mke wangu: "Jamani, leo umetuletea cherehani? Utatushonea sare humu humu?"

"Nitaanza na mdomo wako," mke wangu alijibu.

Wakaimba. Baada ya mistari miwili mwalimu akainua mkono. "Samahani mama, unachelewa."

Hakuwa amechelewa. Niliutazama mguu wake, ulitua pamoja na miguu mingine. Nilirekodi kwa simu, nikasikiliza mara nyingi, ndipo nikaelewa: mbegu husafiri. Lazima zitoke ukingo mmoja hadi mwingine kabla hazijalia. Nilijaribu kuifanya kayamba iiname kwa kasi zaidi, ikapiga kelele, mvua ikapotea. Nikairudisha ilivyokuwa.

"Mikono yako ilikuwa inaanza mapema," nilimwambia, "bila kukuambia."

"Kwa hiyo mguu nao uanze mapema?"

"Kidogo tu."

"Kanisa zima litaona nimekosea hatua."

"Litaona."

Jioni ile nilimsikia uani, nyuma ya jiko, akiimba kwa sauti ya chini, mguu ukitangulia wimbo.

Siku ya mavuno, mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu. Kwaya ikasimama. Mguu wa mke wangu ukatua peke yake, kabla ya wote.

Niliona macho ya mwalimu yakishuka kwenye mguu ule, na mkono wake ukielea juu ya kinanda, karibu na kile kitufe cha kayamba. Mbegu zilikuwa bado njiani. Kisha mstari mzima ukapiga hatua, na mvua ikafika nao pale pale. Kuku mmoja akainua shingo. Mkono wa mwalimu ulibaki hewani kidogo, halafu akautumia kuwaingiza wanaume.

Kwenye ubeti wa pili nilimtazama mama aliyesimama kando yake, yule wa maneno ya sare. Alikuwa ameinamisha macho, anauangalia mguu wa mke wangu, apate kujua aanze lini.