Kila Goli, Picha Yangu

Naandika hii masikio yangu yakiwa bado ya moto, na nimeamua kuiandika yote, hata ile habari ya miwani, kwa sababu Rumonge nzima, mji wetu huku Burundi, imeshaiona na sijui tena ningekuwa namficha nani.

Kompyuta ya kaka Kassim, ile ya chumba chake cha michezo nyuma ya soko, ilikuwa imejaa virusi mpaka ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi, basi mimi (ninayesoma informatique, mambo ya kompyuta, pale lise, sekondari yetu, na ninayejificha jikoni wageni wakibisha hodi) nikafuta Windows yote nikaweka Linux, ikawa nyepesi kama imenunuliwa jana. Kumbe mchezo wake wa mpira ulitengenezwa kwa ajili ya Windows. Nikasema si neno, iko programu ya kukaa katikati kama mkalimani, mchezo unasema lugha yake, yeye anaugeuzia. Nikaiweka, mchezo ukafunguka, nikajiona profesa.

Fainali ya mchezo huo ilipangwa sikukuu ya Uhuru, Rumonge na Nyanza-Lac, zawadi mbuzi, na Baba alikuwa ameshamwambia Kassim mbele yetu sote: "Siku hiyo nitakuja mwenyewe. Nikikuta ni upuuzi, ufunguo nachukua, na wewe unarudi kwenye mawese." Kwangu pia ilikuwa msiba, maana ile ndiyo kompyuta pekee ninayoigusa nje ya darasa.

Sasa ujinga wangu ndio huu. Mchezo ulitakiwa ujaribiwe na watu wawili, na mtu wa kumwita alikuwepo, Ndagala, bingwa wetu (ni mwembamba kama dagaa, jina limetoka hapo). Lakini kumwita Ndagala ni lazima umsemeshe, na mimi Ndagala akinisalimia "amahoro" navijibu viatu vyake. Nikajaribu peke yangu, maneti ya pili, ile ya kushika mkononi na kubonyeza, imelala mezani, wachezaji wa upande wa pili wamesimama kama nguzo za umeme, kipa tu ndiye anajisogeza, nikacheza mechi nzima na haikukwama hata mara moja. Nikamwambia Kassim, "Iko sawa." (Ilikwisha bila kwa bila. Nilishindwa kuwafunga watu waliosimama. Hilo sikulisema.)

Siku yenyewe tulitundika shuka jeupe ukutani, vitenge madirishani, projekta ya kuazima, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya makreti ya soda. Bibi alikaa mbele kabisa na karanga zake. Bibi aliiona sherehe ya Uhuru akiwa mtoto begani kwa baba yake, akakimbilia Kigoma wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili akiwa msichana, akarudi kwetu na mvi, na tangu arudi hakuna sherehe inayompita. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Ndagala akafunga. Chumba kizima kikaruka juu, shuka likawa jeusi, halafu kwenye shuka, mkubwa kama mlango, nikatokea mimi.

Ni ile picha inayobaki kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kikifungwa. Nilijipiga mwenyewe, nimevaa kitenge cha Mama na miwani nyeusi ya Kassim, midomo nimeibinua kama ninapuliza chai. Niliiweka pale kwa sababu mchezo ukiwa wazi haionekani, na nilidhani mchezo hautafungwa.

"Eh! Huyu musichana ni nani?"

"Si Zaina, mutoto wa Mzee Hamisi!"

"Goli yetu iko wapi?" Ndagala akalia. "Mimi nimefunga, naonyeshwa Zaina!"

Nikaufungua tena mchezo, Kassim akaandika moja ukutani kwa chaki, wakaendelea. Shefu, mchezaji wa Nyanza-Lac, akasawazisha. Shuka jeusi. Mimi tena, na midomo yangu. Safari hii vijana wakaimba "Za-i-na! Za-i-na!" na watu wa Nyanza-Lac wakasimama.

"Munatuchezea! Mashini yenu inazima makusudi!"

"Makusudi gani, na sisi imetuzimia!"

Baba akapita katikati yao polepole, akanyoosha mkono. "Kassim. Ufunguo." Kassim akautoa mfukoni, na mimi chini ya meza (ndiyo, nilikuwa chini ya meza, eti natazama waya) nikamsikia Bibi anatafuna na kulalamika peke yake: "Kitu gani hiki. Mpira kinaucheza vizuri tu. Watu wakianza kufurahi, kinakufa."

Nikagonga kichwa kwenye meza. Goli likiingia, mchezo huonyesha kafilamu, wachezaji wanakumbatiana, na mkalimani wangu filamu za namna ile hajui kuzigeuza, anaanguka na mchezo wote. Mimi ningejuaje, na sijawahi kufunga!

Nikasema "Subirini," hakuna aliyenisikia. Nikachukua mikro ambayo Kassim hutangazia mechi. "Mungoje!" Sauti ilitoka kubwa mpaka nikaiogopa. "Baba, na wewe ungoje. Dakika tano."

Nikalitafuta lile folda la filamu nikalibadili jina, ili mchezo ulitafute, ulikose, uendelee na safari yake. Wakaanza upya, hesabu ya ukutani ikiwa moja kwa moja. Shefu akapiga shuti, mpira ukaingia wavuni, hakuna filamu, hakuna makelele, na chumba kizima kimya kinangojea midomo yangu. Haikutokea. Mchezo ulikuwa hai!

"Goliii!" Aliyepiga kelele ni Baba, mtoto wa Rumonge, anawashangilia Nyanza-Lac.

Mbuzi alipanda gari kwenda Nyanza-Lac, tulifungwa tatu kwa mbili, na kila goli liliimbiwa jina langu, hata yale ya kwao. Baba alipotoka alinipita, akautia ufunguo katika kiganja changu, wala si cha Kassim, akanishukuru tu kwa Kirundi, "Murakoze, profesa."

Picha nimeibadilisha, sasa ni ziwa. Na nimeapa sitasema tena "iko sawa" kabla mtu anayejua kufunga hajaushika mchezo. Leo asubuhi nimekwenda mwenyewe kwa Ndagala nikamwambia aje tujaribu ule mpya wa mbio za magari, na nilimwambia usoni.

(Sawa, shingoni. Lakini si viatu.)