Shimo Lisilonuka la Nyanya

Juzi nilibishiwa mlango hapa mjini Homa Bay, jambo linalonikera, maana mimi na kiti changu hatupendi kuachana. Alikuwa binti wa kukusanya taka, gambuti miguuni, mapipa mawili mkononi. "Mzee, maganda na mabaki ya chakula humu, plastiki na chupa humu. Hayo maganda tunayageuza mbolea, badala ya kuyaacha yaozee jalalani yakiharibu hewa." Akanishusha ngazi hadi chini, akanifungulia gunia la hiyo mbolea. Nikainama kunusa, na hapo hapo, rafiki yangu, nikawa kisiwani Mfangano, mtoto wa kaptura iliyotoboka, uani kwa nyanya yangu.

Nyanya alikuwa na shimo nyuma ya jikoni. Maganda ya mihogo, majani makavu, mifupa ya samaki, vyote humo, na juu yake jivu na udongo. Kazi ya jivu nilipewa mimi, kwa kuwa haikuhitaji kutoka nje ya boma. Shimo likijaa, alipanda mgomba juu yake na kuchimba lingine. Ndizi zake zilikuwa tamu hadi mbuzi wa jirani walijifanya wamepotea njia.

Msimu mmoja akaja bwana afya kwa boti, viatu vinang'aa. Akaliangalia shimo kama mtu aliyetukanwa. "Mama, ziba hili, taka uchome. Wiki ijayo narudi."

"Nichome chakula cha migomba yangu, halafu migomba ile nini? Moshi?" nyanya akamjibu. Lakini sote tulijua: akirudi akute harufu, shimo limekwisha.

Mjomba alikuwa ameoa karibuni, mke kutoka Kegonga, kule kwenye mahindi, ambako samaki hufika akiwa amekwisha kauka. Jioni ya kuamkia siku ya bwana afya, bibi harusi akapasua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, matumbo akayatupa shimoni bila jivu wala udongo, akidhani ni sawa na maganda ya ndizi. Asubuhi kenge walikuwa wameyafukua na kuyatandaza uani kama nguo za kuanika. Nzi, usiseme! Bibi harusi analia, na boti ya bwana afya hiyo inaonekana.

Nyanya hakumfokea. "Nyathina, mwanangu, samaki hazikwi uchi," akasema, akijifunga leso kiunoni. Wakayazoa pamoja, wakamwaga jivu, wakafukia, wakashindilia kwa miguu kama wako ngomani. Hata mimi nilikimbia na karai la jivu, jambo lililozungumzwa pale nyumbani kwa muda mrefu.

Bwana afya akazunguka uani, pua mbele. "Shimo liko wapi?"

"Umesimama juu yake, mwanangu. Kula ndizi."

Akala moja, akatazama viatu vyake, akala nyingine. Aliondoka amekumbatia chipukizi la mgomba kama mtoto mchanga.

Siku hizi nyanya hayupo, na palipokuwa na migomba yake pamejengwa nyumba za wageni.

"Mzee, mbona unanusa hivyo? Hiyo hainuki," binti akanicheka.

"Ndiyo maana nanusa."

Akanijazia kopo. Nikapanda nalo ngazi hadi kwangu ghorofani, nikasimama kibarazani nimelishika kwa mikono miwili, nikitafuta pa kulimwaga. Chini simiti, juu mabati, na mbele yangu ziwa tupu.