Gasketi ya Harusi ya Mdogo Wangu

Siku nne kabla ya harusi ya mdogo wangu, gari langu lilianza kutoa mvuke karibu na Ramisi. Nilisimama kando ya barabara, nikasubiri lipoe, nikafungua kifuniko cha oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilielewa kwamba maji yalikuwa yameingia mahali pasipo pake.

Ilikuwa Jumanne, mwaka uliofuata zile mvua za Elnino. Mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wa Msambweni kwamba binti yake wa mwisho ataondoka nyumbani katika gari la dada yake, si la kukodi. Watu wa bwana harusi, ambao ni wa Diani, walikuwa wametuma salamu kwamba wana basi dogo la hoteli, tukilihitaji tuseme tu. Mama alijibu kwa adabu kwamba hatutalihitaji. Basi hilo lilichorwa pomboo ubavuni, mwenye miwani ya jua. Mdogo wangu alipopata habari za mvuke alisema, "Dada, mimi sipandi samaki."

Trekta moja ilinivuta hadi kwa fundi, mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha mchanga nyuma ya kinu cha kusagia mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea mgonjwa?" Alichovya kidole katika oili, akakinusa. "Gasketi ya hedi imekwenda. Na hiyo siwezi kuikata mimi."

Gasketi nyingine zote alizikata mwenyewe. Alilaza karatasi juu ya chuma, akaigongagonga pembezoni kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ikatoka na umbo la chuma kile. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa gololi ya beringi. Lakini gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kifuniko cha juu cha injini, alinieleza, inakaa kati ya moto, maji na oili, na karatasi haina ubavu wa kutenganisha watatu hao.

"Nenda Ukunda," alisema. "Chukua orijino. Za kuigiza usiniletee wiki ya harusi."

Mimi ni mtu wa kupanga mambo. Jumatano baada ya masomo nilikwenda Ukunda na logibuku ya gari, kile kitabu chenye namba ya injini, ndani ya bahasha. Mwenye duka la spea alikuwa kijana wa bara aliyeamini sanduku kuliko alivyoamini macho yake. Alisoma namba, akapanda ngazi, akashuka na kifurushi chenye stika inayong'aa.

"Madam, hii ni jenuini. Kutoka kwa kampuni yenyewe. Hizi zingine," akaashiria rafu ya chini kama anayeonyesha uchafu, "zitakurudisha gereji kila mwezi. Ni za watu hawajiheshimu."

Nilirudi nyumbani nimeipakata kama keki.

Alhamisi fundi alikuwa amekwisha kufungua hedi na kuisafisha. Nilidhani ataiweka gasketi pale pale, lakini yeye alikuwa na desturi ya kiwandani ambayo hakuiacha hata kwa sehemu iliyotoka kwenye sanduku. Alipaka oili chafu, nyembamba sana, juu ya bloki, ule mwili wa injini. Akaniomba karatasi ya manila, nikampa moja niliyokuwa nimeanza kuichorea ramani ya darasa la tano. Akailaza, akaikandamiza kwa viganja, akaiinua. Kila tundu la injini lilikuwa limejichora pale kwa weusi. Kisha akaweka gasketi mpya juu ya picha ile, akainama kuitazama.

"Mwalimu, gasketi hii ni nzuri kuliko gari lako. Lakini si ya gari lako. Tazama tundu hili la maji, inaliziba."

Alifuta ubavu wa bloki kwa tambara, tukasoma namba iliyochongwa pale. Haikufanana na ile ya logibuku. Meneja wa hoteli aliyeniuzia gari alikuwa amebadilisha injini bila kubadilisha karatasi. Mimi, kwa utaratibu wangu wote, nilikwenda kununua kwa karatasi, na injini sikuiuliza.

Ijumaa nilipewa ruhusa ya kutoka shuleni mapema. Safari hii logibuku niliiacha, nikachukua manila. Yule kijana aliikunjua juu ya kaunta akacheka. "Madam, sasa umeniletea homework?" Alijaribu orijino tatu, zote zilikosea. Mwishowe, pole pole, akainama kwenye ile rafu ya chini, akatoa gasketi iliyofungwa kwa nylon, ya kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Ikalala juu ya picha, tundu kwa tundu.

"Hizi ni za watu hawajiheshimu?" nilimuuliza.

"Chukua tu. Lakini usiseme umeitoa kwangu." Kisha akaongeza orijino moja, sili ya oili ya krenki, pete ya mpira inayozuia oili isivuje. "Hapo kwa mpira usicheze."

Nilipomfikishia fundi maneno hayo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kwenye mpira kijana amesema kweli. Karatasi niachieni mimi." Akakata gasketi ya pampu ya maji kwa mabaki ya manila yangu, na ni kipande kile chenye neno 'Kwale' kwa wino wa buluu. Kabla ya magharibi injini ilikuwa inaunguruma.

Jumamosi mdogo wangu alipanda nyuma kati ya shangazi wawili, nguo zao zikijaza gari hadi madirishani. Mama alisimama mlangoni akihakikisha kila jirani ameona. Fundi, amevaa kanzu nyeupe, alikaa mbele karibu nami. Wanawake waliimba njia nzima. Yeye alisikiliza injini. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia, haukusogea tena hadi Diani.

Tulipofika, kabla bibi harusi hajashuka, fundi alikuwa amekwisha kufungua boneti. Shemeji mmoja alikuja mbio. "Vipi, limekufa? Tulete basi?"

"Limefika, bwana," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Nalipongeza tu."

Aliweka tambara juu ya hedi, akalipitisha polepole kwenye maungio, akaniinulia: kavu. Katika picha ya harusi iliyopo ukutani kwa mama, mdogo wangu anashuka akicheka, na nyuma yake boneti iko wazi, na chini ya boneti kuna nusu ya kanzu nyeupe. Mama hakubali picha ikatwe.