Msitu Ulioshikwa na Mtani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naacha jembe nikakaa chini kidogo. Ni siku niliyokwenda Dar es Salaam kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, nikamkuta huko jirani yangu niliyekuwa nimemsikia maisha yangu yote bila kumwona hata mara moja.

Subiri nikueleze vizuri, maana nimeanzia katikati.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikiwa bado navaa sare ya shule. Nikaivua. Wadogo zangu, Fabiani na Benadeta, walihitaji kula, na shamba la mama lilikuwa palepale mlimani, juu kabisa, linapopakana na msitu wa hifadhi. Nikalima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta, nikajitwika tenga alfajiri kushuka sokoni Morogoro mjini. Siyalalamikii maisha yale. Yalitulisha, na yalituweka chini ya paa moja.

Sasa, sisi Waluguru ardhi yetu hupitia kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Yeye ndiye anayegawa, na kipande kikikaa pori muda mrefu anaweza kumpa ndugu mwingine akilime. Mjomba wetu aliitwa Kosma. Alikuwa mtu mrefu, wa haki, mwenye sauti nzito ambayo kanisani ilisikika kuliko za wanakwaya wote. Alitupenda, hilo nalisema wazi.

Ila sehemu ya juu ya shamba letu mama hakuilima kamwe. Aliuacha msitu kama ulivyokuwa, kwa sababu maji yanayonywesha matuta yote yanatokea humo. Kabla hajafariki aliniambia, "Emiliana, hapo juu usipaguse." Nami sikupagusa.

Kisha akarudi Leokadia, binti wa mama yetu mkubwa. Mumewe alikuwa kibarua wa miwa kule Turiani, kazi ikaisha, wakapanda mlima na watoto wao kuja kutafuta pa kulima. Alikuwa na haki kama mimi. Akamwambia mjomba, nami nikiwapo, "Wengine humu wanafuga miti, sisi watoto wetu wanalala na njaa."

Mjomba akanitazama. "Emiliana, ardhi ya ukoo si pambo. Mvua za vuli zikianza nikute kile kisitu kimefyekwa na kuchomwa. La sivyo nampa Leokadia shamba lote, juu na chini."

Shamba lote, mwanangu! Fikiria maana yake. Fabiani angepelekwa kwa ndugu huyu, Benadeta kwa yule, na mimi ningeishia kufua nguo za watu mjini. Nikajibu, "Nimesikia, mjomba." Sikusema nimekubali. "Mama alisema maji hutoka humo" ni jibu zuri moyoni, lakini mbele ya ukoo wenye watoto wenye njaa halisimami.

Ndipo ikaja safari ya shule. Darasa la Benadeta lilikuwa linakwenda kuona makumbusho, na mwalimu akaomba wazazi wawili wa kuwasindikiza watoto. Mjomba Kosma alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuiona bahari na alitaka kuhakikisha ipo kweli. Wa pili nikawa mimi, kwa sababu Benadeta alikuwa akitapika kwenye gari. Tukashuka mlima, tukalala kwa jamaa zetu Mwembesongo, asubuhi tukapanda basi la kukodi.

Niseme nini juu ya jumba lile? Nilikuwa sijawahi kuona nchi nzima imewekwa chini ya paa moja. Palikuwa na fuvu la tembo ambalo mtoto angeweza kujificha nyuma yake. Palikuwa na pofu, na pongo, na kakakuona aliyejikunja kama tunda. Vipepeo walipangwa kwenye visanduku vya kioo, wengine bluu ambayo sijapata kuiona hata kwenye kitenge. Palikuwa na konokono wa baharini, na mbawakawa wenye pembe, na samaki wa maziwa yetu, kila ziwa na wake. Na kila kiumbe kilikuwa na kibao chake kwa Kiswahili, kikieleza jina lake na mahali kinapoishi. Mimi niliyeacha shule mapema nilisimama mbele ya vibao vile nikavisoma kimoja kimoja, polepole, na hakuna aliyenikimbiza. Nilijiona tajiri. Vyote hivi ni vya nchi yangu, na nilikuwa sijui!

Aliyetutembeza alikuwa mzee mfupi, mchangamfu, Bwana Maganga. Watoto walipomsalimia shikamoo kwa pamoja aliitikia, kisha akauliza tumetoka wapi. Kusikia Uluguru tu, akapiga makofi.

"Waluguru! Ndiyo maana naona mnatembea mmeinama upande. Nyie mguu mmoja mfupi kwa ajili ya mlima. Sakafu yetu imenyooka, mtaanguka!"

Mjomba Kosma uso ukamkunjuka. "Wewe Mnyamwezi?"

"Wa Tabora, damu yote."

"Basi toka njiani, mpagazi. Beba mikoba ya watoto kwanza, ndiyo kazi ya babu zako."

Wakacheka wote wawili wakashikana mikono, na kuanzia hapo hawakuachana. Wewe wa siku hizi huenda utani wa makabila unausikia tu kwenye vichekesho vya simu, kwa hiyo nikuambie. Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru tangu enzi za safari za miguu. Mtani anaweza kukutukana msibani na hukasiriki. Anaweza kukishika kitu chako, kuku au kofia, akasema "hiki nimekishika," na kitu hicho hukigusi tena mpaka ukikomboe kwa alichotaja. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye heshima. Anayeuvunja hudharauliwa na pande zote mbili.

Tukafika kwenye chumba cha milima ya mashariki mwa nchi, yetu ikiwemo. Hapo ndipo mjomba alipotaka kurudi nyuma, maana aliyetangulia kwenye chupa alikuwa kinyonga. Kwetu kinyonga hatazamwi macho kwa macho, na wengi wakimkuta njiani humpiga mawe.

"Mtani, unakimbia?" akasema Bwana Maganga. "Huyu alikufa kabla hujabatizwa."

"Sikimbii. Nampisha."

Mimi nilisogea. Alikuwa mdogo, mwenye vipembe puani, na kibao kilisema anapatikana Milima ya Uluguru. Kando yake palikuwa na vyura wadogo kuliko kucha ya kidole gumba, na wao Uluguru. Maua ya zambarau yaliyokaushwa, yale yanayoota kwenye mawe yenye unyevu tunapochota maji, Uluguru. Nilihisi kama nimeingia nyumba ya mtu tajiri nikakuta ukutani picha za familia yangu.

Na mwisho, kwenye kabati la kioo, ndege. Kichwa cheusi, mgongo wa kijani, tumbo la manjano safi kama embe lililoiva. Kibao chake kilikuwa kifupi. Kilisema anaishi kwenye misitu ya Uluguru, na hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

"Huyu," Bwana Maganga akasema, na sauti yake ikapungua mzaha, "nimempangusa vumbi miaka mingi. Wageni hutoka nchi za mbali kumtazama. Lakini sauti yake sijawahi kuisikia. Anakaa juu sana kwenye miti, wanasema hata wanaoishi huko hawamwoni."

"Analiaje?" mwalimu akauliza.

"Wanasema anapiga mluzi."

Mjomba Kosma alikuwa ameinamia kioo. Akanyooka polepole, akakaza midomo, akapiga mluzi. Mluzi ule ulipita kwenye chumba kile, mwanangu, nami nikautambua. Kila asubuhi nikiwa na jembe niliusikia kutoka kwenye vilele vya miti juu ya chemchemi. Sisi tulimwita tu ndege wa majini, kwa sababu analia palipo na maji. Kumbe ndiye huyu! Kumbe ana tumbo la manjano namna hii!

"Rudia," Bwana Maganga akasema. Mjomba akarudia.

"Unamsikia wapi, mtani?"

"Kwetu. Kwenye kisitu cha shamba la marehemu dada yangu."

Nilikuwa binti, na yeye ni mjomba, mwenye ardhi, mbele ya mwalimu na watoto. Lakini nikajua nisiposema sasa sitasema tena. Nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya, nikasema, "Ndicho hicho, mjomba, ulichosema tukifyeke kabla ya vuli."

Sikuongeza neno. Mjomba hakunigombeza. Alimtazama yule ndege, akanitazama mimi, akatazama tena kioo. Nilimwona anatafuta njia ya kutokea na haioni, kwa kuwa alishatoa neno lake mbele ya Leokadia, na mkubwa wa ukoo hawezi kulirudisha neno lake mfukoni kwa sababu ya ndege.

Bwana Maganga naye aliona. Macho ya mtani ni makali. Akaweka kiganja juu ya kioo, akatangaza kwa sauti ya mnadani:

"Mashahidi, watoto wa shule, mnanisikia? Kile kisitu nimekishika! Mimi Maganga, mtani wenu. Kuanzia leo hakuna panga, hakuna moto."

"Wewe!" mjomba akasema. "Umekishika kisitu?"

"Kimeshikwa."

"Nikitaka kukikomboa?"

"Ulete jogoo."

"Jogoo tu? Nitakuletea kesho."

"Ngoja, Mluguru, una haraka kama unateremka mlima. Awe jogoo mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano. Rangi zikipungua, sipokei."

Mjomba Kosma alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka huku machozi yanamtoka, na alipomaliza kucheka alimshika yule mzee begani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashukuru.

Tuliporudi, ukoo ukaketi. Mjomba akasimama akasema sehemu ya juu ya shamba la Emiliana imeshikwa na mtani, na yeye hana uwezo. Leokadia hakuwa mjinga. Akatoka, akarudi na jogoo kwapani. "Kikomboe leo hii, mjomba. Jogoo huyu hapa."

Mjomba akamgeuza yule jogoo huku na huku. "Mgongo wa kijani uko wapi, mwanangu?"

Watu wakaangua kicheko, na Leokadia mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini mjomba hakumwacha aondoke na kicheko peke yake. Alimkatia sehemu ya shamba lake yeye, chini ya letu, kwenye mfereji uleule unaotoka kwenye chemchemi. Leokadia analima hapo hadi leo, na kila kiangazi, wengine wanapongojea mvua, yeye anavuna. Ni rafiki yangu. Wadogo zangu walikulia kwenye shamba lile, wote wawili, chini ya paa letu.

Mjomba alipofariki tulimpigia simu Bwana Maganga. Alikuja, amezeeka zaidi, akafanya yote ambayo mtani hufanya msibani: akalala kaburini akisema hapo ni pake, akadai pombe, akamchekesha mjane. Mazishi yalipokwisha akaniambia, "Nipeleke nikaone mali yangu." Tukapanda mimi na yeye, taratibu, tukakaa karibu na chemchemi asubuhi nzima kwenye ukungu. Ndege hakulia. Tulingoja, tukangoja, hakulia.

Hatimaye mzee akainuka akapangusa suruali. "Ndege wa Kiluguru," akasema. "Mjeuri kama wenyewe." Akashuka anacheka.

Basi, mwanangu, ninachotaka kukuambia ni hiki. Likitokea jumba la namna ile, ingia. Usipite haraka kutafuta simba tu, simama usome vibao, tafuta jina la mahali ulipozaliwa. Mimi nilikuwa na neno la mama moyoni, nalo lilikuwa kweli, lakini sikujua ukubwa wa nilichokuwa nakilinda mpaka nilipokiona kwenye kioo, mbali na nyumbani. Kijue kilicho chako kabla hujaulizwa habari zake na mwenye panga. Ukishakijua, usimame hapo. Ukilazimika kumwambia mkubwa wako jambo zito, liseme mara moja, kwa heshima, kisha nyamaza umwachie nafasi ya kutenda vyema, maana wakubwa wengi hutaka kutenda vyema na hukosa tu mlango wa kupitia. Na watu wa makabila mengine uwacheke na wakucheke, ili siku ya shida pawe na mgeni atakayeweka mkono juu ya kitu chako na kusema kimeshikwa.

Mungu akupe macho ya kuona kilichoko juu ya kichwa chako, akupe maji yasiyokauka shambani, na ndugu zako akuwekee karibu. Nenda salama, mwanangu, na ukifika mlimani kwetu, kaa kimya kidogo usikilize.