Jaa la Mama

Mama alipokuja kuishi nami Bariadi, baada ya kumzika baba, siku ya pili tu aliniuliza jaa liko wapi. Nikamwonyesha kiroba kando ya geti. Akakitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa aliyekosa ndugu. Kwake Mwandoya hakuna kitu kinachoitwa taka. Maganda ni ya mbuzi, majivu ni ya shamba, na samadi ni mali.

Wakati huo kila nyumba mtaani kwetu ililipa ada ileile ya taka, utoe kiroba kimoja au kumi. Mimi nilijiona naibiwa nisipojaza vitatu kwa wiki. Kisha ukaitishwa mkutano, mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwamba sasa tutalipa kwa kiroba. Anayetoa kidogo alipe kidogo. Wenye maduka na mama ntilie walipiga kelele, nami nikawasaidia kwa nguvu zangu zote. Mama peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Kuanzia hapo ua ukawa wake. Chupa aliziosha akampa jirani anayeuza mafuta ya alizeti. Maganda, majani na majivu alivilundika nyuma ya jiko, akanyunyizia maji ya kuoshea mboga. Kila asubuhi, kabla hata hatujapeana salamu ya mwangaluka, alitumbukiza mkono kwenye lile jaa.

"Lina joto," alikuwa akisema. "Linaiva."

Viroba vitatu vikawa kimoja, nacho hakijai. Mzoa taka akamtania kuwa anataka kumfukuzisha kazi, na mama akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Tangu msibani sikuwa nimemsikia akicheka.

Lakini niseme ukweli, nilimwonea aibu. Mimi mtu wa ofisi, mama yangu anainama kwenye kiroba majirani wanaona! Ilipofika siku ya wakwe watarajiwa wa binti yangu kuja kujitambulisha, nilisubiri mama aende kanisani. Nikawaita wazoa taka, nikalipia viroba sita bila kuuliza mara mbili. Jaa lote likaondoka. Pale palipobaki nikamwaga kokoto.

Mama alirudi akasimama mbele ya zile kokoto, Biblia ikiwa bado kwapani.

"Nani kalitoa?"

"Mimi, mama. Wageni wanakuja."

"Nilitaka nipande mchicha na mlenda hapo," akasema. "Mji usio na jaa ni wa wapitaji, mwanangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliwapokea wageni kwa heshima zote, akawachekesha, akawasindikiza hadi barabarani. Wiki ileile akafunga mzigo wake. Alisema mvua zinakaribia na shamba halina mtu. Mvua kweli zilikuwa zinakaribia, lakini sote wawili tulijua kinachomwondoa.

Viroba vikarudi kuwa vitatu. Mzoa taka alipovipakia aliniuliza kama tumepata wageni.

"Tumepungua," nikamjibu. Akadhani natania.

Nimemkumbuka mama kwa namna ambayo sikuitarajia. Namkumbuka nikishika ganda la ndizi. Nasimama nalo katikati ya jiko langu zuri lenye vigae, sijui pa kulipeleka, na moyo unaniuma. Mwezi uliopita nilizoa zile kokoto kwa mikono yangu, nikaanza kulundika. Gharama ya viroba imepungua, ndiyo, na majirani wawili wameniiga. Lakini sikuanza kwa sababu ya ada.

Jana nikampigia simu. Nikamweleza kila nilichoweka, nikijisifu kama mtoto aliyetoka shule.

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. "Sasa tia mkono. Lina joto?"

Nikaweka simu sikioni kwa bega, nikachuchumaa, nikatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nikatafuta juu, nikatafuta chini.

"Lina baridi, mama," nikasema. "Nisamehe. Njoo."

 Nyuma yake nikawasikia mbuzi wakilia, wamekaribia kabisa, kama waliosimama mlangoni kwake wakisubiri maganda.