Vichwa vya Risasi Tulivyochezea Mdako

Sisi tuliolelewa Doha miaka ile ya elfu mbili na kidogo, watoto wa manesi na madereva kutoka Kenya, tunajuana hata leo kwa mambo madogo. Mtajie mwenzako yale maji ya bomba yaliyochoma mikono mwezi wa saba, hata ukifungua upande wa baridi, naye atacheka kabla hujamaliza. Nyumbani kwetu palikuwa Najma, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, na mashine ya baridi ya dirishani ikinguruma kama trekta. Unga wa ugali ulikuja ndani ya masanduku ya watu waliotoka likizo, ukapikwa kwa heshima. Jioni tulikula chapati iliyokunjiwa jibini, tukashushia chai ya karak, kisha tukakimbizana kati ya magari mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Ukichoka, ulichoka kwa kukimbia. Siku hizi mpwa wangu anachoka akiwa amekaa, simu mkononi, na bado anataka apewe pole.

Nami nimechoka, lakini uchovu wangu ni mwingine. Nadhani ndio unaonirudisha kwa Baba.

Mama ndiye aliyetuleta Doha, kwa kazi yake ya unesi. Baba alikuwa askari mstaafu kutoka Gilgil, fundi wa bunduki, na baada ya kukaa bure miezi kadhaa alipata kazi katika klabu moja ya kulenga shabaha, mbele ya Muaither. Kazi yenyewe ilikuwa kuwatengenezea washindani risasi kwa mkono. Wengi hawajui kwamba mlengaji wa mashindano haziamini sana risasi za dukani. Anataka zilizopimwa kwa ajili ya bunduki yake peke yake. Kwa hiyo Baba alichukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayatia kiwashio kipya kitakoni, akapima baruti na kuimimina ndani, kisha akazamisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda.

Ukiyasikia hivyo utadhani ni kazi ya kujaza chupa za mafuta. Ugumu ulikuwa kwenye kuchagua. Kichwa kizito hakisumbuliwi sana na upepo, ila kina masharti yake kuhusu baruti. Chepesi kinakwenda mbio, lakini upepo wa jangwani ukitaka unakisukuma kando. Tena kuna joto. Baruti yenye adabu mwezi wa kwanza inaweza kuwa kali mwezi wa sita. Baba alitengeneza tano za namna hii na tano za namna ile, akazipiga kwenye karatasi, akapima matundu yalivyokaribiana, akaandika kwenye daftari. Wiki mbili zingeweza kupita akichagulia bunduki moja. Mtu akimharakisha alijibu, "Baruti haina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Ijumaa ambazo Mama alikuwa zamu, Baba alitubeba mimi na mdogo wangu Jeruto hadi karakana yake pale klabu. Baruti hatukuigusa kamwe. Ilikaa ndani ya kabati la chuma na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Lakini nilipofika miaka kumi na mmoja alinipa mizani ndogo na vichwa vitupu vya risasi, vile vya shaba vinavyong'aa, nivipime kimoja kimoja na kutenga vilivyopungua au kuzidi. Nilijiona mtu mzima. Tukimaliza alitunawisha mikono kwa sabuni hadi viwiko, mara mbili.

Mtu aliyemtegemea Baba kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Kiqatari tuliyemwita Bu Nasir. Alikuwa mpole, bega moja limeshuka kidogo kwa maumivu ya zamani, naye alimwita Baba Bu Chebet, yaani baba wa Chebet, kwa jina langu mimi. Walizungumza Kiarabu cha kuokoteza na Kiingereza cha kuokoteza wakaelewana. Mwaka ule Bu Nasir alikuwa anajiandaa kwa shindano ambalo alisema huenda likawa lake la mwisho, maana bega lilikuwa halimpi tena nafasi. Baba alihangaika na bunduki yake majuma mengi. Mwishowe akaacha kichwa kizito, akachukua chepesi kidogo na kipimo cha baruti kilicholingana nacho.

Ijumaa ya kuamkia shindano nilipima vichwa vyote vyepesi nikavipanga kwenye trei. Baba alikuwa uwanjani. Jeruto akachoka kukaa, akasema tucheze mdako. Vijiwe hatukuwa navyo. Tukachukua vichwa vya kwenye trei, na vilipoonekana havitoshi tukaongeza vya sanduku la vichwa vizito lililokuwa rafuni. Vilikuwa vizuri mno kwa mdako. Vilitulia kiganjani. Tulipokuwa katikati ya mchezo tukasikia viatu vya Baba kwenye kokoto. Nikarudisha vingine kwenye trei na vingine kwenye sanduku, upesi upesi, jinsi mkono ulivyoangukia. Kwa macho vilifanana, na mimi nilidhani kufanana kunatosha.

Baba aliingia, akatazama trei iliyojaa sawasawa, akanipapasa kichwa. "Umepanga vizuri, mama." Kwa kawaida angerudia kupima vyote mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, macho mekundu. Hakurudia. Jioni ile ile akazitengeneza risasi, akampa Bu Nasir.

Kesho yake alitupeleka tukaone shindano. Ndani ya gari alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo mara nyingi, akimweleza Jeruto habari za kazi yake. "Kila kichwa na baruti yake," alisema. "Kipimo hiki nilichokiweka, kama ningekibandikia kile kichwa kizito, kwa joto hili, bunduki ingeweza kumpasukia Bu Nasir usoni."

Tulipofika na kuegesha ndipo ulimi ulipofunguka.

"Baba, jana tulicheza mdako."

"Wapi?"

"Karakana. Na vichwa vya risasi. Vya huku na vya kule."

Akazima injini. "Mlivirudisha vipi?"

"Haraka."

"Vizito vingapi viliingia kwenye trei?"

"Sijui, Baba."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikaa mikono juu ya usukani, akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Nami sikukagua." Kisha akatoka, akaenda karibu mbio, nasi nyuma yake, mimi nikilia.

Bu Nasir alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kufungua kasha lake. Baba aliinama akalifunga.

"Bu Chebet, kuna nini?"

"Nimechanganya vichwa. Usipige hata moja."

Meneja wa klabu akafika, mtu mgeni kazini, na watu wakageuka kutazama. "Zimechanganyika ngapi?" akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nazirudisha zote."

"Si uzipime sasa hivi, utoe nzito?"

"Maganda yenyewe hayalingani uzito. Mizani haiwezi kuniapia."

"Na aliyechanganya ni nani?"

"Ni mimi," Baba akasema. "Nilichoka nikakosea."

Nilifungua mdomo. Mkono wake ukanishika begani na kunibana kidogo, nikaufunga.

Bu Nasir alipiga na risasi za dukani zilizoazimwa kwa mtu, ambazo bunduki yake haikuzizoea, akamaliza karibu na mkia. Alikunja mkeka wake. Siku ya Jumapili meneja alimpokonya Baba ufunguo wa karakana, akamweka getini. Kiangazi chote Baba alifungua na kufunga geti juani, akiwasalimia watu waliokuwa wakimngoja yeye awachagulie baruti. Nyumbani Mama alimuuliza, "Baba Chebet, ungesema ni watoto ungepungukiwa na nini?" Akajibu kwamba kazi ile alipewa yeye, si watoto. Hakurudishwa mezani kwake kamwe. Miaka ya baadaye alirudi Gilgil, na mimi nikasomea unesi kama Mama, nikarudi Doha.

Sasa niko kwenye zahanati, Al Wakrah. Juzijuzi aliletwa mzee wa kufungwa bandeji. Akasoma jina langu kifuani, akalisoma tena. "Bu Chebet ni baba yako?" Ndipo nikaliona lile bega.

Nilimwambia yote nikiwa nimeshika mkono wake, mambo ya mdako, trei, uongo wa Baba. Alisikiliza bila kushangaa.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu anayepima kila kitu mara mbili hachanganyi masanduku. Halafu nikakuona nyuma yake, uso umevimba kwa kulia."

"Mbona hukumwambia meneja?"

"Nilimwomba amrudishe, mara tatu, akakataa. Lakini hilo la kwako sikulisema. Baba yako alishatoa neno lake mbele ya watu. Ningemfanya mwongo mbele ya binti zake?"

Akaniambia hapigi tena, na wajukuu wake wananunua risasi tayari kwa maboksi, hawajui hata ndani mna nini.

Jioni nilimpigia Baba nikamsimulia. "Kumbe alijua," akasema. Kisha akauliza kama mzee mwenzake bado anatembea vizuri.

Enzi zile kosa la mtoto lilipata mtu mzima wa kulibeba, na mtu mzima mwingine wa kunyamaza ili mwenzake asiaibike. Pale kazini kwetu likitokea kosa dogo, chati iliyochelewa kujazwa, karatasi ya maelezo huzunguka zamu nzima ikitafuta jina, na kila mmoja ana sababu yake nzuri. Wiki iliyopita ilinifikia mimi, mwisho wa saa kumi na mbili za kusimama. Nilijua kosa lilikuwa la yule nesi mpya, na nilijua ni mimi niliyepaswa kumkagua. Niliishika kitambo. Kisha nikampa anayefuata, nikaenda nyumbani kulala.